Barua ya kujieleza ambayo haikutumwa: kisa cha mwalimu aliyelemewa na kazi, Mtwara

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea katika shule ya msingi ya kijijini, kwenye mojawapo ya halmashauri za uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara, kati ya Januari 2024 na katikati ya 2025. Mwalimu anayehusika ameyasoma yote na ameridhia yatumike kufundishia. Nitamwita Mwalimu Somoe, jina ambalo si lake. Jina la shule na la kata nimeyaacha, na baadhi ya mambo ya familia nimeyabadilisha. Mimi niliingia kama mshauri, baada ya afisa elimu kata kuniomba nikae na mwalimu mkuu na Somoe, kwanza kila mmoja peke yake, kisha wote wawili pamoja.

Nawaandikia hasa walimu wakuu na maafisa elimu kata, kwa kuwa wao ndio wanaoshika kalamu siku mwalimu anapoacha kuingia darasani.

Shule na mwalimu

Somoe ni mzaliwa wa Lindi. Aliajiriwa mwaka 2013 akiwa na cheti cha ualimu, na kisa kinaanza akiwa na miaka kumi na moja kazini. Mumewe anafanya kazi Morogoro. Mtoto wao mkubwa analelewa na bibi yake Lindi, mdogo yuko naye kijijini. Ameomba uhamisho zaidi ya mara moja bila kufanikiwa. Wenzake wote niliozungumza nao walimweleza kwa namna moja: ndiye aliyekuwa akifika shuleni mapema hata wiki ambayo si zamu yake, na kila kazi iliyokosa mwenyewe ilimwangukia yeye kwa sababu hakuwahi kusema hapana.

Shule ilikuwa na wanafunzi 640 hivi. Kwa uwiano wa serikali wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, ilihitaji walimu 14. Mwaka ulianza na walimu tisa. Kabla ya Pasaka mmoja alistaafu, mwingine akahamishwa, na hakuletwa mtu wa kuziba nafasi hizo. Wakabaki saba, mwalimu mkuu akiwemo. Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016, madarasa ya chini yamefurika, na ni jambo la kushukuru kwamba watoto waliokuwa wakiachwa nyumbani sasa wako shuleni. Ila walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto. Mwaka huohuo wa 2024 ndipo mtaala mpya ulipoanza kwa darasa la kwanza na la tatu, kwa hiyo walimu wa madarasa hayo nao walikuwa wakijifunza upya mihtasari yao na hawakuweza kupokea kazi ya mtu mwingine.

Baada ya wawili hao kuondoka, Somoe alikuwa na vipindi 32 kwa wiki, vya dakika 40 kila kimoja. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne lenye watoto 96, mwalimu wa taaluma wa shule nzima, yaani msimamizi wa masomo na mitihani, na pia mwalimu wa ushauri na unasihi, yaani mtoto mwenye shida nyumbani alipelekwa kwake. Darasa la nne alilifundisha masomo matatu. Siku ambayo masomo yote matatu yalikuwa na zoezi, mezani pake palikuwa na madaftari 288. Ukitumia dakika moja kwa kila daftari bila kuinua kichwa, ni karibu saa tano, na hapo hujaandaa andalio la somo la kesho, hujajaza azimio la kazi, wala hujaingia kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioshika nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, ambao yeye aliujaza usiku kwa simu, amesimama uani mahali mtandao unaposhika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema mpaka mwishoni kabisa. Alikuwa na mkopo wa benki wa kujenga nyumba, uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara mpaka inabaki ile theluthi moja tu ambayo kanuni haziruhusu iguswe. Mama yake alipougua, akachukua mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa, kwa mtu binafsi. Mkopeshaji alibaki na kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa ukitolewa na mtu mwingine, yeye anapewa kilichobaki.

Mwaka ulivyokwenda

Mwezi wa tatu alianza kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena. Kichwa kikauma kila siku, moyo ukawa unakwenda mbio akiwa amekaa tu. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Presha ilikuwa ya kawaida. Akapewa dawa za maumivu, ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini) ya siku tatu, na kuambiwa apunguze mawazo. Siku hizo tatu alizitumia nyumbani kusahihisha mitihani ya nusu muhula.

Kufikia Juni kauli yake ilikuwa imebadilika. Mtu aliyekuwa akijua kila mtoto kwa jina na kwa jina la mama yake alianza kusema "hawa". Ofisini alisikika akisema watoto wa huku hawasomi hata ufanye nini. Wenzake walilichukulia kama maneno ya kawaida ya walimu, maana nani hajawahi kuyasema.

Julai kulikuwa na kikao cha tathmini cha kata baada ya mtihani wa utamilifu (wa majaribio) wa darasa la saba. Shule zilipangwa kwa rangi kwenye karatasi kubwa ukutani, na ya kwao ilikuwa nyekundu. Walimu wa taaluma wa shule zenye rangi nyekundu waliitwa mmoja mmoja, wasimame, wajieleze mbele ya wenzao wa kata nzima. Somoe alisimama. Aliniambia kwamba alikuwa ameandaa takwimu za upungufu wa walimu kwenye daftari, lakini alipofungua kinywa hazikutoka. Akasema, "Nitajitahidi," akakaa. Tangu siku hiyo alianza kubaki ofisini wakati wa kipindi chake, madaftari yamepangwa mbele yake hayajafunguliwa.

Agosti alimpiga mvulana wa darasa la nne kwa sababu ya kupiga kelele. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Hapa hakukuwa na uteuzi, hakikuandikwa kitu, na viboko vilizidi. Mtoto alirudi nyumbani na michirizi mgongoni. Mama yake alikuja kesho yake, akamwambia mwalimu mkuu, "Mimi sikatai mwanangu afunzwe. Lakini huyu mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma dada yake. Kimemkuta nini?" Swali hilo halikujibiwa siku ile. Mama aliambiwa litashughulikiwa.

Kisha ukaingia msimu wa korosho. Anayejua kusini anajua Oktoba inavyokuwa: familia nzima inahamia shambani kuokota, mkubwa anakaa na wadogo zake, na daftari la mahudhurio linajaa alama za utoro. Katika watoto 96 walikuwa wakija hamsini, siku nyingine chini ya hapo, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne umebaki wiki chache. Somoe akaombwa maelezo ya utoro wa darasa lake kwa maandishi.

Jumanne moja mwanzoni mwa mwezi huo, kipindi cha pili, aliandika tarehe ubaoni. Akaandika "Zoezi" na kulipigia mstari kwa rula kubwa ya mbao. Halafu akabaki amesimama, chaki mkononi, uso umeelekea ubaoni. Watoto wakangoja. Mmoja akauliza, "Madam, tuandike?" Hakujibu. Kiranja ndiye aliyekwenda kumwita mwalimu wa darasa la jirani, ambaye alimkuta Somoe analia bila sauti, na ubaoni hakijaongezeka kitu.

Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

Wakati huo barua ilikuwa imeshaandikwa. Ilimtaka Somoe ajieleze ndani ya siku saba kwa makosa matatu: utoro wa rejareja, kutosahihisha kazi za wanafunzi na kukiuka utaratibu wa adhabu. Mwalimu mkuu si mtu mkali. Alikuwa na hofu ya kweli kwamba asipoandika, ataulizwa yeye. Kwa makosa mepesi mkuu wa shule ndiye mamlaka ya kwanza ya nidhamu, na mazito yanapanda kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Barua ile ingekuwa hatua ya kwanza ya safari hiyo.

Kilichoizuia ni swali la afisa elimu kata: "Huyu amewahi kuandikiwa barua gani nyingine?" Wakafungua jalada lake. Miaka kumi na moja, hakuna hata onyo. Afisa akasema mtu hawi mtoro ghafla mwaka wa kumi na mbili bila sababu, tutafute sababu kwanza. Barua ikabaki kwenye droo.

Suala la mtoto aliyepigwa, hata hivyo, halikuachwa, na hapo naona shule ilifanya la haki. Mama aliitwa tena. Somoe alimwomba radhi yeye na mtoto wake mbele ya mwalimu mkuu, ikaandikwa kwenye kumbukumbu, na Somoe akaondolewa kabisa katika shughuli za adhabu. Kuugua kwa mwalimu kunaeleza alichofanya, lakini mgongo wa mtoto ule unabaki kuwa wa mtoto, na mzazi alistahili kuambiwa hivyo kwa uso.

Hatua ya pili ilikuwa hospitali. Alisindikizwa na mwalimu mwenzake wa kike, na nasisitiza kusindikizwa, kwa sababu peke yake angerudi tena na dawa za kichwa. Safari hii daktari aliuliza usingizi, hamu ya kula, na akauliza waziwazi kama amewahi kuwaza kufa. Somoe akajibu kwamba mara kadhaa alitamani alale asiamke. Mwenzake hakuwa akijua. Daktari akaona dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, zilizotokana na msongo wa muda mrefu, akampangia kurudi kliniki kila baada ya wiki mbili, akampa ED ya siku 14 na kuagiza asikae peke yake. Akaenda kwa mama yake Lindi. Mwalimu mkuu akatangaza ofisini kwamba mtu mmoja tu, yule aliyemsindikiza, ndiye atakayempigia simu, na asimuulize chochote cha mtihani.

Baadhi ya wenzake walikuwa na hakika kwamba amefanyiwa. Mama yake naye alimpeleka kwa shehe akasomewa dua. Daktari alipoelezwa, alimwambia dua aendelee nayo na kliniki asiiache. Naliona ni jibu la busara. Somoe mwenyewe anasema usiku wa dua ile ndio wa kwanza aliolala mpaka alfajiri.

Alirudi ikiwa imebaki wiki moja kabla ya upimaji wa darasa la nne, akapewa kila kitu kama kilivyokuwa: vipindi 32, taaluma, darasa, unasihi. Sababu ilikuwa upimaji. Siku ya nne akaanza tena kuamka saa tisa usiku. Hapo ndipo nilipoitwa.

Tulichofanya hakikuwa kigumu. Tulikaa ofisini, mwalimu mkuu, Somoe na mimi, tukaandika kwenye karatasi kila kazi anayoifanya kwa wiki na muda inaochukua, kisha tukafanya hivyo kwa walimu wote saba. Mwalimu mkuu aliangalia jedwali kwa muda mrefu. Somoe alikuwa akifanya kazi saa nyingi karibu mara mbili ya mwalimu aliyekuwa na mzigo mdogo, na hakuna aliyekuwa amepanga iwe hivyo. Ilijipanga yenyewe, mwaka hadi mwaka, kila anapoondoka mtu.

Kuanzia Januari 2025 mambo yalibadilika hivi. Mwalimu mkuu alichukua vipindi sita kutoka kwake. Taaluma ikapewa mwalimu mwingine, naye akapunguziwa zamu. Kuhusu madaftari, kikao cha walimu kilikubaliana kwamba katika madarasa yenye watoto zaidi ya 70, mwalimu atasahihisha kwa kina zoezi moja la kila somo kwa wiki. Mengine watoto watabadilishana madaftari na kusahihisha kutoka ubaoni, mwalimu akipita kati ya madawati. Uamuzi huo uliandikwa kwenye muhtasari wa kikao na kusainiwa, ili wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wakija wakute ni utaratibu wa shule, lisionekane kosa la mwalimu mmoja. Na kwa kuwa wazazi walikuwa wamepata fedha za korosho, kamati ya shule ilipeleka hoja kwenye mkutano wa kijiji, wakakubali kwa hiari kuchangia posho ya mwalimu wa kujitolea, kijana mhitimu wa ualimu aliyekuwa akisubiri ajira. Alipewa Hisabati ya darasa la nne na la tano.

Afisa elimu kata naye aliacha utaratibu wa kusimamisha walimu kwenye tathmini. Sasa kila shule inakaa naye faragha na matokeo yake.

Matokeo

Kufikia Machi 2025 Somoe alikuwa analala. Kliniki walimpunguzia mahudhurio kuwa mara moja kwa mwezi. Alirudi kuita watoto kwa majina. Mama wa yule mvulana alimletea mihogo siku moja asubuhi, jambo ambalo Somoe alinisimulia kwa furaha kubwa kuliko alivyonisimulia habari za kliniki. Matokeo ya darasa la nne hayakupanda wala kushuka kwa kiasi cha kuzungumzia. Uhamisho bado anautaka, na ni haki yake.

Mwezi wa tano michango ilikauka, na mwalimu wa kujitolea akaondoka.

Uchambuzi

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linaeleza hali hii ya uchovu wa kazi (burnout) kuwa ni jambo la kikazi, halihesabiwi kuwa ugonjwa, na linatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Linataja alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuiona haina maana, na kuhisi kwamba unachofanya hakizai kitu. Zote tatu zilikuwepo kwa Somoe kufikia Julai. Ya kwanza zahanati iliiona ikaitibu kama maumivu ya kichwa. Ya pili, ile ya "hawa" na "watoto wa huku", ilisikika na ofisi nzima. Ningependa walimu wakuu waisikilize hiyo ya pili kuliko zote, kwa sababu inatokea mapema, hadharani, na haihitaji kipimo. Mwalimu mzuri anapobadili namna anavyowataja wanafunzi wake, muite mzungumze wiki hiyohiyo.

Tofauti kati ya uchovu wa kazi na sonona si ya mwalimu mkuu kuiamua. Kwa Somoe kimoja kilizaa kingine, na aliyegundua ni daktari aliyeuliza moja kwa moja kuhusu kufa. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulisema.

ED mbili katika kisa hiki zinafundisha mengi zikiwekwa pamoja. Ya kwanza, ya siku tatu, haikuwa mapumziko hata kidogo, maana mitihani ilimfuata nyumbani. Ya pili ilimpumzisha kweli, tena vizuri, na bado siku nne za kazi zilitosha kuifuta. Mzigo haukuwa umeguswa. Nimeona shule zinazompumzisha mwalimu kwa moyo safi, halafu zinashangaa anaporudia hali ileile, na hapo huruma inaisha na barua inatoka. Jedwali la saa lilipaswa kuandikwa wakati yuko Lindi, ratiba mpya imngoje.

Katika hatua zote, naamini ile ya madaftari ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi, na haikugharimu hata shilingi. Ilimrudishia jioni zake. Iliwezekana kwa sababu ilikuwa ya kikao kizima na imeandikwa. Somoe angeamua peke yake kupunguza kusahihisha, lingekuwa kosa lake la nne kwenye ile barua.

Deni halikuguswa na mtu, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote. Aliligusia kwangu mara moja tu, kwa aibu, wakati mambo mengine yameshakwenda. Mpaka sasa kadi yake iko kwa mkopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na hatua ya kwanza ingekuwa kujua kama huyu anayo, kisha kumsaidia Somoe kupata kadi mpya na kupanga malipo kwa maandishi. Anaogopa kwamba mkopeshaji, ambaye ni mtu wa kijiji hichohicho, atamwaibisha. Nafikiri kitengo cha unasihi kwa walimu kisichouliza habari za mikopo kinatibu nusu ya mtu, na sasa nimeanza kuliuliza swali hilo mapema kwa kila mwalimu ninayekaa naye.

Posho ya mwalimu wa kujitolea ilitegemea fedha za korosho, na fedha za korosho kijijini huonekana baada ya minada, zinaisha kabla ya kiangazi kukaza. Kamati ingeomba wazazi mchango wa mwaka mzima wakati ule mikono imejaa, na kuuweka kwenye akaunti ya shule. Wamepanga kufanya hivyo msimu ujao.

Vipindi vya kijana yule aliyeondoka vilipelekwa kwa mwalimu wa darasa la tano, yuleyule aliyeitwa na kiranja Oktoba na aliyemsindikiza Somoe hospitali. Mwezi wa sita Somoe alimwendea mwalimu mkuu kumwambia kwamba mwenzake ameanza kusema "hawa". Mwalimu mkuu alilitoa jedwali la saa siku hiyohiyo, akamwondolea zamu na kuchukua vipindi vingine vinne mwenyewe, na nakala ya jedwali hilo ameiambatisha kwenye ombi la walimu wawili alilolipeleka halmashauri. Ombi halijajibiwa.